Bakuli la Maji Ndani ya Kabati la Makasha

Siku yangu ya kwanza kazini nilinawa mikono mara tatu kabla ya kuonyeshwa kazi yenyewe. Ilikuwa katika nyumba kubwa ya shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na katika bahasha nimebeba cheti cha utunzaji wa bohari na kumbukumbu, daraja la kwanza. Aliyeniamuru ninawe alikuwa Mkurugenzi, mwenye shamba, mzee wa Kizungu mwenye masikio mekundu, aliyesema Kiswahili polepole kana kwamba kila neno analipima kwanza. Kwenye beseni nililonawia alikuwa akinawa pia mwanamke wa rika langu, kajifunga kanga kiunoni juu ya gauni. Nilidhani ni wa jikoni.

"Huyu ni Mwajuma Sefu, anatoka Tindiga," Mkurugenzi akasema. "Na huyu ni Bwana Mkude. Ana cheti."

Nilifurahi kutambulishwa kwa cheti. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kutembea kutoka kwenye beseni hadi kwenye chumba cha makasha.

Kijana wa leo akisikia neno kasha hufikiria sanduku la mbao la kuwekea nguo. Haya yalikuwa mengine. Yalikuwa makasha themanini na matatu ya Kijapani, ya zamani, mengi yenye umri uliozidi umri wa nyumba yoyote niliyokuwa nimewahi kuingia. Mbao zake ni nyembamba kama jalada la kitabu, na juu ya mbao hizo hupakwa utomvu wa mti ambao Wajapani huuita urushi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likisuguliwa kwa mkaa laini kabla ya kupakwa linalofuata. Mwishowe hupatikana weusi mzito unaomwonyesha mtu uso wake kama maji ya kisima. Juu ya weusi huo mafundi walichora kwa utomvu mbichi, kisha wakanyunyizia unga wa dhahabu kabla mchoro haujakauka. Kazi hiyo huitwa maki-e. Yalikuwepo makasha ya vifaa vya kuandikia, ya uvumba, ya vitana vya wanawake, na mengine madogo yaliyopangwa kama ghorofa, ambayo wanaume wa huko waliyaning'iniza kiunoni kwa kuwa mavazi yao hayakuwa na mifuko. Mkurugenzi alifanya kazi katika bandari za Ujapani wakati wa ujana wake, na tangu alipoondoka huko hakuacha kuyanunua, kwa barua, kwenye minada ya mbali. Yalikuwa yakifika Kilosa kwa treni, ndani ya masanduku yaliyojazwa pamba.

Alichukua kasha moja la vifaa vya kuandikia, namba arobaini na moja, lenye bata bukini watano wakitua kwenye matete. Akaliweka mezani, akaondoa mfuniko, akanikabidhi. "Funika."

Niliuweka mfuniko mahali pake. Ukashuka nusu, ukasimama. Nikadhani umekwama, nikaukandamiza kwa vidole viwili. Mkurugenzi aliushika mkono wangu akauondoa juu ya kasha, kisha akauinua mfuniko tena na kumpa Mwajuma. Mwajuma aliuweka mfuniko, akaondoa mikono, akaifungia mgongoni. Tukatazama. Mfuniko ulishuka wenyewe, polepole sana, kwa kadiri hewa ya ndani ilivyopata njia ya kutoka, hata ukatua bila sauti. Hivyo ndivyo linavyojulikana kasha lililotengenezwa sawasawa.

"Umejuaje?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Sikujua. Nimeona haujamaliza kushuka, nikauacha umalize."

Mkurugenzi alitoa mfukoni ufunguo wa shaba na kutuonyesha. Alisema kwamba ufunguo wa makabati ulikuwa mmoja tu, na kwamba siku atakayochoka kuubeba atampa mmoja wetu, na huyo ndiye atakayekuwa Mtunza Mkuu. Mwingine atabaki msaidizi. Hakusema siku hiyo ingekuwa lini. Mimi nilikwisha kuamua ufunguo ule ni wangu. Katika miaka iliyofuata sikupitisha siku moja bila kupima ni nani kati yetu alikuwa karibu nao zaidi.

Kazi yenyewe iligawanywa hivi. Mwajuma alifuta vumbi, kwanza kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, kisha kwa kitambaa kikuukuu cha hariri, mapazia yakiwa yamefungwa, kwa maana jua huunyang'anya utomvu weusi wake na kuuacha na rangi ya chai. Mimi nilishika daftari na kadi. Kila kasha lilikuwa na kadi yake: namba, vipimo, hali ya kila upande, tarehe ya kila kufunguliwa. Kanuni yangu ilikuwa moja, na ninawahimiza vijana waishike: andika ulichokiona. Muuzaji akidai kwamba kasha fulani lilikuwa mali ya mtawala, mimi niliandika "kwa mujibu wa muuzaji" na kuacha hapo. Mkurugenzi aliipenda kanuni hiyo. Aliwahi kuniambia kwamba kadi zangu ni safi kuliko za majumba ya makumbusho aliyoyajua. Nilizikumbuka sifa hizo kwa miezi kadhaa, mpaka siku ya kamba.

Siku hiyo lilifika kasha la kiunoni, na barua ya muuzaji ilisema kwamba lina miaka mia mbili, pamoja na kamba yake ya hariri. Mkurugenzi alikuwa tayari ameanza kuniamuru niandike. Mwajuma aliichukua ile kamba akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka ncha hadi ncha, mara mbili.

"Hii imesukwa na mashine," akasema. "Mkono wa mtu huchoka, Bwana Mkurugenzi. Hapa sijapata mahali mkono ulipochoka."

Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa. Barua ilirudi kwa muuzaji na kamba ikarudi nayo, na tangu siku hiyo alimwita Mwajuma Fundi. Fundi, njoo uone. Fundi, unaonaje mbao hii. Mimi niliendelea kuwa Bwana Mkude. Kabla kamba ile haijafungwa nilikuwa nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, nikaona mwenyewe kwamba misuko yake inalingana, nikaandika hivyo kwenye kadi. Kwa kuwa nilikuwa nimeona kwa macho yangu, sikuandika ni nani aliyeona kwanza. Kila neno katika kadi ile lilikuwa kweli, na niliridhika nayo.

Mwajuma hakuwa na habari na mashindano yetu, au alijifanya hana. Nikimfuata kwa macho wakati anafuta, husema bila kugeuka, "Bwana Mkude, leo tena unanitazama kama mkagua tiketi. Nimepanda, tiketi ninayo." Wapishi walicheka. Mimi sikucheka, na hilo nalo liliwachekesha.

Mto Mkondoa ulipofurika na maji kufika kwenye ngazi za baraza, Mkurugenzi aliamua kuyahamishia makasha Mikumi, ambako alikuwa amejenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, karibu na lango la hifadhi. Mwajuma aliyafunga yote themanini na matatu kwa mikeka, na hakuna lililopata mkwaruzo. Niliyakagua moja moja nikitumaini kuupata. Huko Mikumi kilijengwa chumba maalumu chenye makabati ya vioo na kiyoyozi kilichofanya kazi mchana kutwa. Wageni waliomkosa simba asubuhi waliletwa kuyaona makasha alasiri. Nilipewa sare yenye kibandiko cha jina. Mkurugenzi alianza kutembea kwa fimbo, na mara kwa mara nilimwona akiushika ule ufunguo mfukoni kama kitu kinachomlemea. Nilijua siku iko karibu.

Wiki ya tatu baada ya kuhamia, nilikuta bakuli za enameli ndani ya kila kabati, chini ya rafu, zimejaa maji, na juu ya kila bakuli kitambaa kibichi.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza Mwajuma.

"Maji."

"Naona ni maji. Yanafanya nini kabatini?"

"Upepo wa chumba hiki ni mkavu. Nikishinda humu midomo inapasuka. Kwetu tukisuka ukili wa mikeka, ukindu ukikauka unakatika mkononi, ndiyo maana tunaufunika kwa kitambaa kibichi. Nikaona na hizi mbao zina kiu."

"Umelisoma wapi hilo?"

"Sijalisoma. Nakuambia nimeona."

"Na nani amekuambia kwamba mti wa Ujapani na ukindu wa Tindiga ni kitu kimoja?"

"Hakuna," akasema. "Wewe nani amekuambia si kimoja?"

Nikamwonyesha kitabu. Kitabu changu cha mafunzo kilisema katika ukurasa wake wa kwanza kwamba adui mkuu wa bohari ni unyevu. Kiliandikwa kwa ajili ya mahindi, magunia na karatasi, jambo ambalo nililijua na sikulitaja. Mwajuma alikitazama kitabu kwa adabu, akanirudishia, akaenda kuongeza maji. Nilichoshindwa kuvumilia hakikuwa maji yale. Ni kwamba Mkurugenzi alipita, akaziona bakuli, akauliza, akaelezwa habari za ukindu, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kupapasa mfuko wenye ufunguo.

Mwezi wa mfungo ulipofika katikati, Mwajuma aliomba likizo aende kula Idi kwao. Mkurugenzi naye alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu, na kabla ya kuondoka aliniachia ufunguo kwa muda. Siku ileile aliyoondoka Mwajuma nilizitoa bakuli zote. Mahali pake niliweka vipande vya mkaa kwenye visahani, kama kitabu kilivyoelekeza. Vitambaa nilivianika. Nilisema moyoni kwamba nafanya jaribio la kitaalamu, na kwamba matokeo yatazungumza yenyewe.

Yalizungumza siku ya kumi na tisa. Nilifungua kabati la kati nikakuta mfuniko wa kasha namba arobaini na moja umejikunja na kupasuka kutoka pembe moja hadi nyingine. Bata bukini wawili walikuwa wamebanduka. Dhahabu yao ilikuwa imeinuka kama magamba, na nilipopumua karibu nao kipande kimoja kilidondoka. Nilifunga kabati nikiwa nimezuia pumzi.

Mkurugenzi alirudi kesho yake na kutaka taarifa ya maandishi. Vijana, nimeandika maelfu ya kadi maishani mwangu, na ninaweza kusimama mbele ya yeyote nikatetea kila moja. Taarifa ile siwezi. Niliandika: "Inasemekana maji yaliyowekwa kabatini na msaidizi yalimwagika na kulilowesha kasha." Hakuna aliyekuwa amesema hivyo isipokuwa mimi. Nilimwambia mpishi asubuhi ile, kama mtu anayewaza kwa sauti, kwamba huenda maji ya Mwajuma yalimwagika. Ilipofika saa nne, ilikuwa inasemekana. Nikaliandika neno hilo kwa mkono ule ule uliokuwa umekataa kuandika habari za watawala.

Mwajuma alirudi mchana ule, ana furushi la chakula cha sikukuu alilotuletea. Tuliitwa wote wawili ofisini. Makabati yalikuwa na mkaa wakati huo, na yeyote angeweza kwenda kutazama, lakini Mkurugenzi alikuwa mgonjwa, na kasha lile alikuwa akilipenda kuliko yote. Aliisoma taarifa mara mbili.

"Fundi, uliweka maji?"

"Niliweka."

"Yalimwagika?"

"Sikuwepo, Bwana Mkurugenzi."

Mwajuma alinitazama mimi, bila hasira, kwa macho yale aliyoitazamia ile kamba. "Bwana Mkude ana cheti," akasema. "Kama ameandika, basi limeandikwa." Kisha, kabla hajaambiwa lolote, aliomba ruhusa ya kurudi kwao moja kwa moja. Alituachia lile furushi. Wenzangu walikula; mimi nilisema nimeshiba.

Ufunguo niliupata wiki hiyohiyo. Mkurugenzi aliuweka mezani badala ya kunikabidhi mkononi.

Ulipita kama mwaka mmoja, akaja Mtaalamu kutoka Ujapani, mama mfupi mwenye mvi, aliyeitwa kulitazama kasha lililopasuka. Alizungumza Kiingereza cha taratibu nami nilimwelewa vizuri. Alitoa chombo cha kupimia unyevu wa hewa, akakisoma, akakisoma tena. Akauliza mkaa ule uliwekwa na nani. Nikasema ni mimi. Alieleza, bila kunilaumu, kwamba utomvu ule ni kitu cha ajabu, kwamba hata unapopakwa hukaukia mahali penye unyevu, na kwamba mbao zikinyimwa hewa yenye maji hujikunja, nao utomvu ulioshikamana nazo hupasuka. Dawa yake, akasema, ni rahisi: bakuli la maji ndani ya kila kabati, lifunikwe kwa kitambaa kibichi.

Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yetu, ameegemea fimbo. Mtaalamu alipotoka kwenda kunawa, Mkurugenzi akasema, "Bwana Mkude, maji hayo tuliwahi kuwa nayo."

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi."

"Basi yarudishe."

Nilitarajia auchukue ufunguo. Hakuuchukua. Alimtuma dereva Tindiga na barua ya kumwomba Mwajuma arudi, na dereva akarudi peke yake na ujumbe kwamba anapanda mpunga na asingojewe. Nilifurahi, na papo hapo nikaona uchungu mpya: yeye aliweza kukataa kitu ambacho mimi nilikuwa nimejichafua ili nikipate.

Miaka iliyobaki ni rahisi kusimulia. Mkurugenzi alifariki, warithi wake wakakaa mbali, na nyumba ya wageni ikapita mikononi mwa mameneja watatu. Meneja wa kwanza hakuingia chumba cha makasha hata mara moja. Wa pili aliingia sana, kwa sababu ya kiyoyozi. Wa tatu, kijana aliyesomea utalii, alipendekeza kasha la uvumba liwekwe mezani kwa wageni litumike kutilia sukari. Nikamwambia anishike kwanza mimi aniweke mezani. Mimi kila asubuhi nilimwaga maji ya jana, nikajaza mapya, nikalowesha vitambaa. Hakuna kasha jingine lililopasuka. Wanafunzi wa mambo ya kale waliletwa kujifunza, wakaandika katika madaftari yao kwamba huu ni utaratibu wa Mzee Mkude wa Mikumi. Sikuwasahihisha. Wakati mwingine, mikono ikiwa ndani ya maji yale, niliwaza kwamba nimegeuka msaidizi wa mtu asiyekuwepo, na kwamba hata asipokuwepo amenitangulia.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini na miwili. Nimebaki hapahapa Mikumi, nina nyumba na shamba dogo la miwa upande wa Ruhembe. Mwaka huu warithi wameamua makasha yote yarudi Ujapani, kwenye jumba moja la makumbusho. Wakili wao alinitumia kwa simu, kisha kwa basi, kadi mpya themanini na tatu za kujaza historia ya utunzaji wa kila kasha. Kwenye kila kadi kuna mstari wa jina la aliyeanzisha utaratibu wa kulihifadhi. Na pamoja na kadi namba arobaini na moja aliambatanisha taarifa yangu ya zamani yenyewe, akaniarifu kwamba itatafsiriwa na kusafiri na kasha hilo kama ushahidi pekee uliopo.

Nilijaza kadi themanini na mbili kwa juma moja, nikaandika jina langu kwenye kila mstari ule. Ile moja ilinishinda. Kanuni nyingine ya kazi inasema usiandike jambo la mtu bila kumsikia mwenyewe, nami niliwahi kuivunja. Nikapanda basi la Kilosa, nikashukia njiani, nikachukua bodaboda mpaka Tindiga.

Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba ya matofali, amekaa juu ya mkeka, anasuka. Wajukuu walikuja mmoja mmoja kuniamkia shikamoo, nami nikawaitikia marahaba. Wasichana wawili walikuwa pembeni yake wakijifunza kusuka, na mmoja alipokosea alimwuliza, "Fundi, hapa narudi nyuma?" Nilihisi kitu kikinichoma palepale kilipokuwa kikinichoma zamani.

Aliinua macho. "Bwana Mkude. Umezeeka vibaya."

"Na wewe umezeeka."

"Mimi nimezeeka vizuri, usituchanganye. Karibu ukae."

Nilikaa, nikamweleza yote kwa mpangilio: bakuli, mkaa, siku kumi na tisa, mpishi, taarifa. Vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza alisema kwamba alijua tangu siku ile. Vitambaa vyake alivikuta kwenye kamba nyuma ya jiko, vimekauka hata vimekuwa vigumu kama karatasi. Kitambaa hakifiki hali hiyo kwa siku moja.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningebaki." Akanyoosha ukindu, akaulambisha maji ya bakuli lililokuwa kando yake. "Kile chumba kilikuwa na baridi, na mtu wa kuzungumza naye ulikuwa wewe tu, nawe hucheki. Nilikuwa natafuta sababu ya kurudi kwangu. Ukaniletea."

Nilimwonyesha picha ya kasha kwenye simu. Aliisogeza mbali na macho. "Hawa ni bata?"

"Bata bukini. Watano."

"Nilisahau kama palikuwa na ndege."

Ninawajua ndege wale unyoya kwa unyoya. Ninajua ni yupi mwenye shingo iliyochorwa mara mbili kwa kuwa fundi alibadili nia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilimwonea wivu mwanamke huyu kwa sababu ya kitu ambacho yeye alikuwa amekisahau. Nilidhani kulifahamu hilo kungeniponya. Kulinifanya nimwonee wivu na kwa kusahau kwake.

Nikamwambia kuhusu karatasi inayosafiri. Hapo ndipo vidole vyake viliposimama.

"Jina langu limo?"

"Limo."

"Linasema nini?"

"Kwamba wewe ndiye uliyeliharibu."

Aliweka ukili chini. "Hayo mengine nilikusamehe kabla hujaota mvi. Hilo lifute. Hawa watoto wanajua kusoma, na siku hizi karatasi ya Ujapani inafika Tindiga kabla ya basi." Hakupandisha sauti. "Usiniandikie sifa, Bwana Mkude. Andika ulichokiona."

Nikala ubwabwa wake, nikarudi.

Mnaoingia kazini leo, mtafundishwa kuogopa moto, mchwa, maji na wezi. Ziogopeni hizo. Lakini kasha bora nililowahi kukabidhiwa halikuharibiwa na lolote kati ya hizo. Liliharibiwa na mtunzaji hodari, mwenye cheti, aliyekuwa na macho mazuri na akayatumia kumtazama mwenzake. Sina ushauri wa namna ya kuuondoa wivu kazini, kwa kuwa sijauondoa, na sitaki kuwaandikia jambo nisilolijua. Ninachojua ni kwamba unaweza kukaa nao na bado ukaandika kadi sawasawa.

Kwenye kadi namba arobaini na moja niliandika kwamba bakuli za maji ziliwekwa na Mwajuma Sefu, kwamba ziliondolewa na mimi, na kwamba kasha lilipasuka siku ya kumi na tisa baada ya kuondolewa. Taarifa ya zamani niliikata kwa mstari mmoja, nikatia saini na tarehe pembeni, kama inavyotakiwa. Kisha nikazitazama zile themanini na mbili nilizokwisha kuzijaza. Utaratibu ni uleule katika makasha yote, na kwenye kila mstari lilikuwapo jina langu.

Nimekaa mezani tangu asubuhi. Ninakata jina langu kwa mstari mmoja, ninaandika juu yake Mwajuma Sefu, wa Tindiga, ninatia saini, ninachukua kadi inayofuata. Nilitazamia kwamba nikifika kadi ya sitini wivu utakuwa umepoa. Nimeifikia, haujapoa. Nimechukua ya sitini na moja.